Kumtazama Bibi Makote

Safari hii sikuipenda. Nilitumwa na bibi yangu, Bibi Somoe wa Nanganga, mwenye chale za Kimakonde mashavuni na tundu la ndonya kwenye mdomo wa juu. Ndonya yenyewe, kile kibao cha kupachika mdomoni, aliivua zamani. Mwaka jana, kwenye foleni ya hospitali, vijana walimcheka na mmoja akampiga picha kwa simu. Tangu siku hiyo hatoki nje bila kujiziba mdomo kwa kanga.

Hata hivyo, mchongaji mmoja alipokuja, akapiga goti na kumwamkia, Bibi alimkubalia amchonge. Sasa sanamu yake imesimama kwenye bustani ya sanamu huko Makote, na mchuuzi wa mbaazi ametuletea maneno kwamba watu huenda kule kupiga picha na kucheka. Bibi akaanza kususa chakula.

"Nenda ukanitazame, mume wangu," aliniambia. Ndivyo anavyonitania siku zote, ila siku hiyo hakutabasamu. "Kama wananicheka, mwambie huyo fundi aning'oe, anichome moto."

Asubuhi nilifika Masasi, nikapanda basi la Newala. Tulipoanza kupanda mlima, abiria wa kiti cha nyuma walikuwa wanacheka mambo yao, na kila kicheko nilidhani wanamcheka Bibi. Niliogopa. Nitamwambiaje mtu achome kazi ya mikono yake? Na nikirudi na uongo, Bibi atanigundua kabla sijavua viatu.

Newala kulikuwa na ukungu, baridi inachoma masikio. Bodaboda ikanishusha Makote, kwenye lango la mianzi. Mama Hamisi, mtunzaji wa bustani, alikuwa anafagia majani ya mikorosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una sura ya msibani?"

"Natokea Nanganga. Bibi yangu yumo humu."

Ufagio ukasimama. "Eh! Karibu. Yuko kule mwisho. Twende pamoja na wanafunzi hawa, ndio wanaingia."

Wanafunzi! Walianza na sanamu za mashetani, lile lenye jicho tumboni, lile linalojikuna kisogo kwa mguu, wakacheka hadi wakashikana mabega. Nikawafuata nyuma, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Kisha nikamwona. Gogo la mpingo refu kunizidi, chale zote zimo, na ndonya amerudishiwa mdomoni. Kanga hana. Nilitamani nivue koti nimfunike.

Mama Hamisi akainua mkono. "Huyu hapitwi kimya. Ni bibi wa watu. Mwamkieni."

"Shikamoo, Bibi!" wakasema wote, wengine wakikunja goti. Halafu msichana mmoja akajiziba mdomo, kicheko kikamponyoka. Sikumtafuta mchongaji, niliaga, nikaondoka.

Jioni nilimkuta Bibi amekaa mlangoni, kanga mdomoni. Ndani ya basi nilikuwa nimeapa kumficha habari ya yule msichana. Nilishindwa.

"Mmoja alicheka, Bibi."

"Alicheka kabla ya kuniamkia, au baada?"

"Baada."

"Basi huyo mjukuu. Kwani wewe hunicheki?"

Nikashusha pumzi niliyotoka nayo Makote. Lakini Bibi alikuwa bado amekunja uso.

"Waliniamkia wote?"

"Wote."

"Na nani aliwaitikia?"

Kwenda na kurudi niliogopa kicheko tu. Ile salamu ya watoto iliyobaki bila kuitikiwa sikuifikiria hata kidogo.

Bibi akaishusha kanga hadi mabegani. Barabarani watu walikuwa wanapita, hakuwajali. Akageukia upande wa Newala, mdomo wazi.

"Marahaba, wajukuu zangu!" akaita kwa sauti. "Hamjambo?"