Mkono wa Athanas Juu ya Boneti

Athanas Wafula hakuamini gari lililokuwa na joto. Wakenya wa Doha walimjua kwa hilo kuliko walivyomjua kwa jina la baba yake. Mtu akitaka kununua gari lililotumika, alimtafuta Ijumaa baada ya ibada, kule Abu Hamour ambako makanisa yote yamewekwa ndani ya ukuta mmoja na Ijumaa ndiyo Jumapili ya watu. Walimwita Daktari. Yeye aliuliza swali moja tu: "Linalala wapi?"

Anayeuza gari lenye ugonjwa huliwasha mapema, kabla mnunuzi hajafika, ili injini ikohoe makohozi yake bila shahidi. Mnunuzi anapokuja hukuta gari limechangamka, linanguruma taratibu. Kwa hiyo Athanas alifika saa nzima kabla ya miadi, bila kupiga simu, na kabla hata ya salamu aliweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, aligeuka akaenda zake.

Alijifunzia kazi hiyo Eldoret, kwenye gereji ya mjomba wake, ambako asubuhi mabati huwa baridi kama maji ya kisima. Kiangazi chake cha kwanza Doha, mwaka 2006, alikwenda kumpimia mtu gari la Mganda mmoja aitwaye Silvesta. Ilikuwa saa tano ya mchana. Aliweka kiganja, akaungua, akamwita Silvesta mwongo mbele ya watu wote wa nyumba ile. Gari lilikuwa limesimama juani siku tatu bila kuguswa. Hadithi hiyo ilimfuata miaka miwili. Tangu hapo alikwenda alfajiri tu, na tangu hapo hakukosea tena, au hakuna aliyerudi kumwambia amekosea.

Kazi yake halisi ilikuwa udereva. Alibeba mameneja wa kampuni moja ya West Bay kutoka mnara mmoja hadi mwingine, na muda uliobaki aliumalizia chini ya ardhi, kwenye maegesho, akisikiliza magari ya watu wengine yakiingia na kutoka. Aliweza kutambua breki iliyokwisha kutoka ghorofa ya juu yake. Hakumwamini muuzaji yeyote, wala mtu aliyeapa bila kuombwa kuapa. Hakuamini kijitabu cha sevisi ambacho mihuri yake yote ilikuwa na wino wa rangi moja.

Kulikuwa na gari moja tu asilolitilia shaka, nalo ni Volkswagen.

Baba yake, miaka ya sabini, alikuwa fundi wa kufunga milango ya magari hayo kiwandani, yalipokuwa yakiunganishwa Kenya. Lile dogo, lenye mgongo kama wa kobe na injini nyuma. Jioni alirudi nyumbani na ovaroli yake akasimama uani, akafungua na kufunga mlango usiokuwepo, akiwaonyesha wanawe jinsi mlango mzuri unavyofunga: si kwa kishindo, kwa pumzi. "Wajerumani hawasemi uongo kwa chuma," aliwaambia. Kazi ilikwisha, kampuni ikaondoka, na mzee hakupata tena kazi ya maana. Lakini hakuwahi kulisema vibaya gari lile. Alizikwa akiwa hajawahi kulimiliki.

Kwa hiyo Loice alipomwambia amepata Volkswagen, Athanas alitabasamu, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Loice alikuwa muuguzi, mtu wa Kapsabet, mjane. Miaka sita alikuwa amelala katika hosteli ya wauguzi ambako mlangoni kulikuwa na mama wa kuandika saa ya kutoka na saa ya kurudi. Sasa kulikuwa na nafasi ya kazi Lusail, mji mpya kaskazini mwa Doha, ya kuwatembelea wagonjwa majumbani, pamoja na chumba chake mwenyewe. Sharti lilikuwa moja: siku ya kwanza aje na gari lake, gari zima, la kumfikisha kwa mgonjwa kila siku. Likiharibika mwezi wa majaribio, nafasi anapewa mwingine. Hakuwa na uwezo wa kununua mara mbili.

"Baba Milka," alimwambia, kwa jina la binti yake wa kwanza, "mimi sijui injini. Nanunua kwa macho yako."

Muuzaji aliitwa Onyango, kijana wa kompyuta aliyekuwa akihamia Kanada. Alilileta gari Abu Hamour yeye mwenyewe, Ijumaa ya tarehe kumi na nane Septemba mwaka 2015: Jetta nyeupe, ya petroli, safi mno. Watu walizunguka. Athanas alikunja mikono ya shati lake la kanisani, akapiga magoti kwenye lami, akachungulia chini, akagonga matairi, akafungua mlango na kuufunga. Mlango ulifunga kwa pumzi.

"Chukua, Sister," akasema.

Wakakubaliana. Lakini sikukuu ya Idi ilikuwa imekaribia na ofisi za kubadilisha istimara, ile kadi ya umiliki wa gari, zilikuwa zinafungwa. Wangesubiri zifunguliwe.

Siku ya pili ya Idi, Eugene alikuwa amejilaza kitandani, katika chumba walichoshiriki na Athanas, simu usoni. Eugene alikuwa mlinzi wa jengo, Mkisii mwenye mdomo, na aliona raha kubwa kumsomea mzee habari mbaya.

"Daktari, umesikia Volks yako?"

"Imefanya nini?"

"Imeshikwa Amerika ikidanganya."

"Achana na mimi, Eugene."

"Si mimi, ni dunia nzima. Mkubwa wao ameshaachia kiti juzi. Sikiza. Magari ya dizeli, walitia maagizo ndani ya kompyuta ya gari. Likiwekwa kwenye mashine ya kupima moshi, linajua linapimwa. Linashika adabu. Likirudi barabarani, linatema moshi vile linataka. Kampuni yenyewe inasema yanaweza kufika milioni kumi na moja." Akapindua simu. "Na hawa wenyeji wetu hapa ni wenye hisa wakubwa. Pengine bosi wako anakula faida ya uongo."

Athanas alikuwa akipiga pasi. Aliendelea kupitisha pasi mahali pale pale.

"Linajuaje kama linapimwa?"

"Magurudumu yanazunguka, usukani hauguswi. Mambo kama hayo. Linajua tu. Kama wewe bosi akiwa siti ya nyuma."

"Hiyo ni dizeli. La Sister ni petroli."

"Mimi nimesema la Sister? Wewe ndiye umelitaja."

Eugene hakuishia hapo. Siku nzima alichimba. Akamsomea jinsi gari hilo lilivyozaliwa wakati wa utawala wa Hitler, likaahidiwa kila mfanyakazi; jinsi watu walivyobandika stempu kwenye vijitabu wiki baada ya wiki wakingoja gari lao, vita vikaja, kiwanda kikaunda magari ya jeshi kwa mikono ya watu waliolazimishwa, na wenye vijitabu hawakupewa gari hata moja. "Mzee wako aliyajua haya?" akauliza, safari hii bila kucheka.

Athanas hakujua kama baba yake aliyajua. Alijua tu kwamba mtu aliyefunga milango maelfu alikufa bila mlango wake mmoja. Hilo hakuwahi kuliona kuwa la ajabu. Sasa lilikaa kifuani mwake kama punje ya mchanga jichoni.

Akaanza kulikumbuka gari la Onyango kipande kwa kipande. Usafi wake. Kijitabu cha sevisi, ambacho hakukumbuka rangi ya wino wake kwa sababu hakukifungua. Na lilifika Abu Hamour likiendeshwa. Boneti ilikuwa na joto la kila aina, la jua na la injini, naye hakuiwekea mkono.

Kesho yake alichukua teksi mpaka Al Thumama, alikokaa Onyango. Aliteremka saa kumi na mbili kasoro ya asubuhi, mbele ya nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba vya kupangisha. Ndege zilikuwa zikishuka uwanjani kwa zamu. Jetta ilikuwa imesimama chini ya turubai, kivulini, mahali ambapo jua halikuwa limefika. Athanas akaweka kiganja.

Ilikuwa na joto.

Aliuacha mkono pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Onyango akatoka amevaa kaptura, kikombe cha chai mkononi, akasimama mlangoni.

"Mzee. Tulikuwa na miadi?"

"Limewashwa."

"Ndiyo. Nimempeleka mke wangu kazini, uwanja wa ndege. Anaingia saa kumi na moja."

"Leo?"

"Leo, jana, kesho. Hata Idi ndege zinaruka." Onyango akamtazama vizuri. "Kwani unashuku nini?"

"Naomba lilale. Nirudi kesho likiwa baridi."

"Mzee wangu, wiki jana ulipiga magoti mbele ya kanisa zima. Ukagonga matairi. Ukasema chukua. Nimewakataa watu wawili kwa neno lako. Leo limekuwa gari lingine?"

"Ni gari lile lile."

"Basi siku ile ulipima nini?"

Athanas alitaka kusema habari za Amerika, akaona zitasikika za kijinga pale uani, kwa mtu aliyeshika chai. Na huku akimtafakari kijana yule, mke wa saa kumi na moja, jibu lililotoka haraka mno, aligundua kwamba mtu aliyemtilia shaka zaidi kuliko wote asubuhi ile hakuwa Onyango.

Onyango aliingia ndani, akarudi na ufunguo. Akauweka juu ya boneti badala ya kumpa mkononi.

"Nenda nalo. Lilale kwenu. Mke wangu atapanda teksi. Ukiona uongo wowote, nirudishie na mbele ya kanisa useme. Usipouona, pia useme."

Usiku huo gari lililala uani mwa hosteli ya Loice. Asubuhi yake Athanas alifika na kumkuta Loice amesimama kando yake, tayari amevaa sare, saa yake ndogo ya kiuguzi imening'inia kifuani kichwa chini. Mama wa mlangoni alikuwa akiwatazama kupitia dirishani, kalamu mkononi.

"Kuna nini, Baba Milka? Onyango amenipigia. Anasema umekuwa mtu wa ajabu."

Athanas alikuwa amepanga maneno mengine njia nzima. Yakatoka haya:

"Sister, Ijumaa ile sikulipima."

"Nilikuona."

"Ulichoona ni magoti. Sikugusa boneti. Sikulisikia likiwashwa baridi. Sikufungua kitabu chake. Gari lingine lolote ningelifanyia yote hayo. Hili nilisoma jina lake tu."

Loice akatazama magoti ya suruali ya Athanas, kana kwamba lami ya Abu Hamour ingali pale.

"Na ukakunja shati," akasema.

"Watu walikuwa wakitazama."

"Mimi nilikuwa natazama. Wale wengine hawakuwa wanahamia Lusail." Sauti yake haikupanda. "Magari mangapi umeyapima hivyo?"

"Hili tu."

"Nitajuaje?"

Swali hilo Athanas alikuwa amewauliza wauzaji miaka tisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa jibu la kumridhisha. Akamnyooshea ufunguo, akaanza kusema kwamba atalisikiliza sasa, vizuri, atamwambia ukweli wote. Loice akauchukua.

"Leo usiniambie kitu. Nionyeshe pa kuweka mkono."

Akamwonyesha. Loice akaweka kiganja juu ya boneti kama anavyokiweka kwenye paji la uso la mgonjwa, akageuza mkono, akajaribu tena kwa upande wa nyuma wa vidole. Baridi. Akaomba aambiwe gari gonjwa hulia vipi. Athanas akamwigizia kwa mdomo: hili la mnyororo uliolegea, hili la injini inayokula oili. Mama wa mlangoni akaacha kuandika. Kisha Loice akaingia, akawasha, akainua saa ya kifuani, akatazama mshale wa sekunde.

Athanas alisikia injini ikishika mara moja, safi, bila kikohozi. Akafungua mdomo. Loice akainua kidole bila kumtazama. Alihesabu dakika nzima, kisha ya pili. Akashuka, akaenda nyuma, akatazama moshi, akaunusa. Akasoma kijitabu cha sevisi ukurasa kwa ukurasa. Wino ulikuwa wa rangi tatu.

"Nitalichukua," akasema. "Nimesema mimi, si wewe."

Alihamia Lusail wiki iliyofuata. Mwezi wa majaribio ukapita, na gari halikumwangusha. Athanas hakujisifu kwa hilo, na hakuna aliyemsifu. Ijumaa ya kwanza baada ya asubuhi ile ya hosteli alikuwa amesimama kwenye maegesho ya kanisa, akawaambia watu waliokuwapo kwamba Onyango alikuwa mkweli na yeye hakuwa. Wengine walidhani anatania. Gerishon wa kwaya, aliyekuwa ameleta gari hapo hapo ili lipimwe kabla hajalipa, akambembeleza: "Daktari, angalia tu kidogo, watu wamengoja." Athanas akateremsha mikono ya shati akafunga vifungo. "Limekuja likiendeshwa. Hapa sina la kusema." Walimwona amezeeka, na wengi wakatafuta fundi mwingine, mwenye haraka.

Desemba ya mwaka uliofuata, Loice alikuwa akimrudisha Athanas kutoka ibadani kwa lifti. Alimpa lifti mara moja moja, na kila mara alimketisha mbele, na hakuna siku aliyomuuliza jambo lolote kuhusu gari. Simu ya Athanas ikalia. Alikuwa ndugu yake, kutoka nyumbani, furaha tele.

"Wamerudi. Volkswagen. Wanaunganisha tena, Thika. Mzee angelia."

Athanas alitazama barabara. Mlango wa upande wake ulikuwa umefungwa kwa pumzi, kama zamani uani kwao.

"Umelisikia likiwashwa asubuhi?" akauliza.

"Nimeliona kwenye televisheni. Linang'aa."

"Basi bado hujaliona."

Ndugu yake akacheka, akakata simu. Loice alibadilisha gia, akapita taa mbili za barabarani. Kisha, akiwa bado anatazama mbele, akasema kuna mwenzake kazini anayetaka kununua gari dogo, na kwamba linalala Al Thumama.

"Utakwenda alfajiri," akasema. "Nami nitakuwepo."