Gauni Alilolileta Wifi

Fundi cherehani alisikia sauti ya wifi yake mlangoni, mguu ukamganda juu ya pedeli. Nyuma ya wifi alisimama mtalaka wa fundi, mwanamume aliyeondoka mtoto akiwa bado anatambaa, asirudi hata kuulizia homa. Leo alikuja na haki zote za baba, amezivaa kama koti jipya.

Walikuja kumchukua Kijiti, mtoto wa pekee wa fundi. Alizaliwa msichana, lakini tangu ajue kusema amesema yeye ni mvulana. Sasa amevunja ungo, na akipita mbele ya kioo cha wateja hugeuza uso kana kwamba ameona maiti.

"Ni malezi," wifi alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Umemvalisha kaptula tangu mdogo."

"Nilimshonea vipande vilivyobaki, wifi. Vilitosha kaptula tu."

"Na nyumba haina mwanamume," mtalaka akadakia. "Umemjaza chuki juu yetu."

"Kama nilimfundisha kuwachukia wanaume, mbona anataka kuwa mmoja wenu?"

  Lakini moyoni fundi mwenyewe alishajiuliza sana: ni kaptula? Ni kukosa baba? Daktari wa mambo ya akili alimwambia hata wataalamu hawajakubaliana kuhusu chanzo, ila hili halikutokana na kosa la mama. Kinachomzidishia mtoto maumivu ni kuchekwa na kulazimishwa. Maneno hayo aliyaamini mpaka alipofika nyumbani.

Wifi akatoa gauni kwenye mfuko aliokuja nao. "Avae hili. Tunaondoka naye sasa hivi, akakae na binti zangu. Atanyooka."

Fundi akampeleka Kijiti nyuma ya pazia la kupimia. Akamvisha gauni juu ya fulana, akashika mgongo afunge zipu. Vidole vikagusa kitu kigumu. Ilikuwa lastiki pana, ile yake ya viuno vya sketi, imezungushwa kifuani kubana matiti na kushonwa kwa mkono. Mtoto alikuwa akipumua kwa shida.

"Usiwaambie, mama," alinong'ona. "Nikienda kule sitaishi."

Aliyasema kwa utulivu, na utulivu huo ndio uliomtia fundi baridi mpaka kwenye meno.

"Kuna nini huko?" Viatu vya wifi vilikuwa vikikaribia.

Fundi akalivua gauni upesi, akatoka nalo, akaziba pazia kwa mwili wake. "Limebana mgongoni. Akitoka hivi watu watasema shangazi yake kamvika la kuazima. Niachie nilifumue. Njooni Ijumaa."

Ijumaa ya mafundi kila mtu anaijua: haifiki. Lakini huyu hakuwahi kumdanganya mteja, wifi naye anaogopa midomo ya watu. Wakaondoka wakinung'unika.

Akashusha komeo, akachukua mkasi mdogo.

"Unaikata?" Kijiti aliuliza.

"Naipanua. Hii itakuua kabla yao."

Chini ya lastiki ngozi ilikuwa imechubuka. Fundi akaketi, akaifumua lastiki, akaanza kuishona upya ilegee, sikio likiwa mlangoni. Kila viatu vilipopita barabarani, sindano ilisimama.