Baba Kwenye Theluji ya Oberon

Baba alikuja Sydney kututembelea kwa miezi mitatu. Mipaka ikafungwa kwa sababu ya korona, akakaa karibu miaka miwili. Alikuwa dereva wa lori mstaafu. Ujana wake wote alishusha mbao kutoka Lushoto hadi Tanga. Kwangu Merrylands hakuwa na la kufanya ila kufagia ua ambao ameshaufagia. Basi majira ya baridi, tuliporuhusiwa kutoka tena, nikamwambia nitampeleka milimani akaone theluji.

Jirani yetu, Mkongo aliyefanya kazi kwenye ghala moja la Wetherill Park, akasema naye atakuja na mkewe. Tulikwenda na magari mawili, maana siku zile watu wa nyumba mbili hatukutaka kujazana pamoja. Langu lilikuwa dogo, la kuvuta kwa magurudumu ya mbele tu. Lake lilikuwa jipya, la kuvuta kwa yote manne.

"Mukikwama, mimi nitawavuta," alisema.

Karibu na Oberon barabara ikawa nyeupe. Kwenye kilima kimoja, jirani yetu alipanda kama vile hakuna kitu. Mimi nikakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka palepale, pua ya gari ikaanza kwenda upande.

"Ondoa mguu, mwanangu," Baba alisema taratibu. "Hili ni tope tu. Nyoosha usukani. Rudi mpaka pale tambarare uanze upya. Gia ya pili, mafuta kidogo, na usisimame mpaka juu."

Nikarudi, nikaanza upya. Gari likapanda polepole, nami nimebana pumzi mpaka kileleni.

Upande wa pili tukamkuta jirani mtaroni. Alikuwa ameteremka kwa kasi ileile, akakanyaga breki ghafla, gari likateleza. Hakuna aliyeumia. Alisimama nje, barakoa kidevuni, ameona haya.

"Papa, si linavuta yote manne?"

"Kuvuta, ndiyo," Baba alimjibu. "Kusimama, magari yote ni sawa. Ukiteremka, gia ndogo ndiyo ikushike. Breki uiguse tu."

Tulichimba theluji kwa masahani tuliyobebea pilau. Baba akatandika mazulia ya gari mbele ya matairi, akaomba ufunguo, akalitoa kwa jaribio la pili. Kisha hakushuka. Alikaa pale akipapasa usukani, na mimi nikakumbuka kwamba tangu aondoke Tanga hakuna aliyempa gari ashike.

Jirani naye aliliona hilo. Akazunguka, akaketi kiti cha abiria, mkewe nyuma. "Papa, tuteremshe wewe mpaka chini."

Baba akawateremsha taratibu, mimi nikifuata nyayo za matairi yake.

Huko chini tulimpigia Mama, aliyebaki Tanga, kwa video. Baba akamwonyesha theluji kiganjani, akaanza kumweleza habari za gia na mtaro.

"Umevaa soksi ngapi?" Mama akamkatiza.

"Mbili."

"Ongeza ya tatu, kisha ndiyo unihadithie."