Ngumi ya Mama wa Dagaa

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, binamu yangu wa Sengerema alivuka kwa kivuko cha Busisi, enzi zile daraja bado linajengwa, akaja kukaa kwetu Kiseke akiwa na begi moja na simu yenye kamera nzuri. Wote wawili tulikuwa tunasubiri matokeo. Kusubiri matokeo ni kazi ngumu, hasa kwa mtu anayekumbuka alichoandika.

Mchana tulikuwa tunakwenda kibanda umiza, chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni moja, kutazama filamu za vijana wa miji mikubwa ya nje. Zote zilikuwa kama za tumbo moja. Kijana hana baba, au ana baba mlevi. Anapora watu. Kocha mzee mwenye kovu anamwona akirusha ngumi au mpira, anamfanyisha mazoezi kwenye mvua, kijana anashindwa, analia, halafu anashinda. Mtafsiri wa kibanda alikaa pembeni na kipaza sauti akitueleza wanachosema, na pale asiposikia vizuri alitunga mwenyewe. Mimi nililia kila mara, hata kwenye sehemu alizotunga.

Siku moja tulipotoka, binamu alisimama katikati ya jua.

"Haya ndiyo maisha yetu," akasema. "Tutengeneze filamu yetu."

"Maisha yetu yapi? Asubuhi yote umeshinda unachambua mchele."

"Ndiyo maana ikaitwa kuigiza."

Akaandika hadithi kwenye daftari: msichana wa mtaani anaporwa mkoba, anaapa kujifunza ngumi, anakuwa bingwa. Bondia nikawa mimi, kwa sababu ya mabega niliyoyapata kwa kupandisha ndoo za maji mlimani. Jambazi tulimpata jirani, kijana wa gereji, mrefu, kifua kipana, anayeimba besi kwenye kwaya yetu. Alikuwa mpole hivi kwamba alibisha hodi hata akiingia dukani. Glovu tulizishona kwa sponji aliyoikata binamu kwenye godoro lake, upande wa miguuni.

Tulianza na tukio la uporaji, ufukweni, kwenye mawe ambapo akina mama huanika dagaa. Mara ya kwanza jambazi alinifuata, akanyoosha mkono na kusema, "Samahani dada." Mara ya pili aliupokea mkoba kwa mikono miwili. Binamu akamfokea mpaka sauti ikamkauka. Mara ya tatu, sijui alikumbuka nini, aliunyakua kwa nguvu nikayumba, akatimua mbio. Nikasahau daftari lilisemaje. Nikapiga ukelele kutoka moyoni:

"Mwizi! Mwizi jamani!"

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba neno hilo halina mazoezi. Akina mama wote wa dagaa waliinuka kwa pamoja. Mmoja wao, mnene, kanga kiunoni, alitangulia na fagio. Jambazi wetu alipogeuka na kuona kinachomjia, aliutupa mkoba na kukimbilia ziwani mpaka maji yakamfika kiunoni. Akasimama huko, mikono juu.

"Toka tukuone!" Mama wa dagaa akamwita.

"Shikamoo mama," akajibu jambazi.

Niliwakimbilia nikihema. "Mama, msimpige! Ni filamu! Tunaigiza!"

"Firamu gani haina kamera?"

Nikamwonyesha binamu, ambaye hakuwa ameacha kurekodi hata sekunde moja, hata kumsaidia rafiki yake. Mama akaitazama ile simu, akanitazama mimi, akarudi kumtazama mtu wa majini.

"Huyo anafanana na yule wa besi kanisani."

"Ndiye mimi, mama."

"Aimbe tumsikie."

Basi akaimba, amesimama ndani ya ziwa, suruali inampwaya majini, ubeti wa kwanza wote. Kwenye kiitikio akina mama wakamwitikia, kisha wakamruhusu atoke.

Nyumbani, baba alikuwa amekwisha kugundua godoro. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na alikuwa amekaa kitini uani akitusubiri, godoro limesimamishwa kando yake kama shahidi. Binamu akaeleza kila kitu, akatoa na daftari. Baba alilisoma lote kimya kimya, na kalamu nyekundu mkononi.

"Huyu kocha," akasema mwishoni, "mbona hamuulizi mtoto kama amekula? Na lugha yake chafu. Nani anaigiza?"

"Bado hatujampata, mjomba."

Baba akavua miwani, akaifuta. "Nitaangalia nafasi."

Tuliingia naye mazoezini kesho yake. Kila aliposema neno lake alilifafanua, na mara mbili alitaka ubao. Lakini tulipofika pale kocha anapomfundisha msichana kusimama, alinyamaza. Akanishika viwiko, akavirudisha mbavuni kwangu, akanisukuma bega la kushoto kidogo mbele. Hakuwa anaigiza. Nikamuuliza amejifunzia wapi.

"Chuoni. Nilicheza ngumi pambano moja." Akakohoa. "Si lote. Jamaa alinipiga ya kwanza nikalala. Nikiwa pale chini nikaona jiografia inanifaa zaidi."

Miaka kumi na minane nilikuwa naishi na mtu huyo na sikujua hata siku moja kwamba aliwahi kukunja ngumi.

Kwa pambano la mwisho tulikosa mpinzani. Yule mama wa dagaa akajitokeza mwenyewe. Alisema tumeshapigia picha kwenye mawe yake, basi naye aonekane. Tulizungushia ulingo kwa kamba za nyavu, akavaa glovu za sponji, wenzake wakajaa pande zote. Daftari lilisema aanguke raundi ya tatu.

"Nianguke mbele ya wateja wangu?" akauliza.

Binamu akambembeleza. Akaitikia kwa kichwa. Raundi ya tatu nikampiga kama tulivyopanga, akabaki wima. Nikampiga tena. Akanitazama kwa huruma, akarusha mkono mmoja tu, na sponji ile ya godoro haikusaidia kitu. Niliona anga. Kisha nikasikia miguu, na baba akawa amepiga magoti juu yangu, kofia ya kocha imedondoka, ananiita, "Mwanangu! Mwanangu, niangalie!" Hayo hayakuwemo daftarini. Binamu aliyaacha yabaki kwenye filamu.

Filamu ilionyeshwa kibandani Jumapili alasiri, baada ya ibada. Mtafsiri hakukubali kukaa bure. Alichukua kipaza sauti akaitafsiri yote kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili. "Hapa msichana anasema ameibiwa," alitufafanulia, wakati mimi nikipiga kelele kwamba nimeibiwa. Watu walicheka tangu mwanzo, hata pale nilipolia kwa bidii. Kwenye ubeti wa ziwani walisimama wakaimba. Ila baba alipopiga magoti, mtafsiri alishusha kipaza sauti, akaacha picha iende yenyewe. Mimi niliona haya kugeuka kumtazama baba aliyekaa nyuma yangu.

Matokeo yalitoka, yakawa kama tulivyoandika kwenye mtihani. Binamu akarudi Sengerema, na sasa anapiga video za harusi. Mama wa dagaa aliongeza wateja. Wanakuja kumwona aliyemwangusha bingwa. Kijana wa gereji ndiye aliyeumia, maana watoto wa mtaani walimkimbia miezi kadhaa, na yeye aliwafuata na pipi kuwaomba radhi, jambo lililowafanya wakimbie zaidi.

Na baba, aliyefundisha nusu ya Kiseke kusoma, hakuna tena anayemwita mwalimu. "Shikamoo kocha," wanamwambia barabarani. Anakunja uso, anasimama, anaitikia marahaba, halafu anawauliza kama wamekula.