Kamba Iliyovuta Nguzo

Enzi za Wabelgiji nilikuwa karani bandarini Kindu. Kazi yangu ilikuwa kusimama kivulini na kufasiri maneno ya msimamizi Mzungu kwa watu waliokuwa wakitoka jasho juani. Niliifanya kwa majivuno yote ya mtu mwenye jozi moja ya viatu.

Katika kundi la wavuta mizigo kulikuwa na mwanamume aliyetoka Kibombo. Siku nyingi alikuwa mtu wa kawaida, hodari, mwenye utani. Siku nyingine ugonjwa ulimjia, akasikia akiitwa kutoka mtoni, akatetemeka na kuyapigia maji kelele: "Siji!" Wenzake hawakumnyamazisha. Waliitikia pamoja, "Haji!", wakavuta kamba ya mzigo kwa mwendo huo. Siji, haji, siji, haji, mpaka atulie. Msimamizi alidhani ni wimbo wa kazi. Angejua ukweli, mgonjwa angepandishwa meli na kupelekwa wanakofungiwa wenye wazimu. Tulishaona mmoja akipelekwa. Hakurudi.

Mchana mmoja mizigo iliisha mapema. Kamba ilibaki imefungwa kwenye nguzo ya gati, na msimamizi alisimama karibu akiwasha kiko. Mtu wa Kibombo akainuka, macho mtoni.

"Siji!"

Hapakuwa na kitu cha kuvuta.

"Shikeni kamba," kapita wao, kiongozi wa kundi, akasema polepole.

Wakaishika, wakaivuta nguzo. "Haji!"

Msimamizi akatusogelea. "Hawa wanavuta nini?" akaniuliza kwa Kifaransa.

Kifaransa changu, nilichokipiga pasi kila asubuhi pamoja na shati, kilinikimbia. "Wanapima kamba, bwana," nikasema mwishowe. "Isije ikakatika."

Akamkazia macho mgonjwa. Nami nikajikuta nimeshika kamba.

"Vuta basi, karani," mtu akaninong'oneza kwa nyuma. "Kamba haiumi viatu."

Nikavuta. "Haji!" nikaitikia, sauti ikipasuka.

"Vizuri," msimamizi akasema. "Waipime kila siku." Akaondoka.

Mtu wa Kibombo akaketi, akaomba maji ya kunywa. Wenzake wakacheka kidogo.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilijifunza majina marefu ya ugonjwa ule. Jioni ile sikuwa na jina lolote. Nyumbani kwangu kulikuwa Alunguli, ng'ambo ya mto, na nilijua kwamba kwa sauti yangu mwenyewe nimemjibu yule aitaye kutoka majini. Mtumbwini nikaketi katikati kabisa, mbali na maji, nikiomba asinijue.