Kifaa Kichwani kwa Mama

Kile kifaa cha kupimia mahali kwa setilaiti tuliletewa ofisini na wafadhili, kikiwa bado kinaamini kipo Ulaya kilikowashwa mara ya mwisho. Ilikuwa miaka ya soko huria, mashamba ya kijijini kwetu Pito yameanza kupata bei, nami nilikuwa mpima ardhi mwenye majivuno mengi kuliko ujuzi. Jumamosi moja nikakiazima, nikaenda kwa wazazi wangu.

Baba ndiye aliyeniita. Macho yake yalikuwa yanaisha kwa mtoto wa jicho, naye alitaka shamba la ulezi lipimwe na kuandikwa jina la mama kabla hajashindwa kuonyesha mipaka.

"Nikishapofuka," alisema, "wadogo zangu watamwonyesha mama yako mipaka yao."

Nilimpenda sana baba yangu siku ile.

Nilikiwasha kifaa kwenye pembe ya kwanza ya shamba. Kikataka nikitajie tulipo, walau kwa kukisia, kwa namba za ramani. Na ramani nilikuwa nimeisahau ofisini. Nikaliruka swali, nikakiacha na Ulaya yake. Nusu saa nzima kilitafuta setilaiti ambazo hazikuwa juu yetu. Nilikitikisa, nikalaumu betri, nikalaumu hata mawingu.

"Mwanangu," baba akasema, "si ukiambie hujui?"

Aibu iliyonishika! Mpima mzima, niliyezaliwa nyumba ile pale, nibonyeze kwamba sijui nilipo? Nikabonyeza. Kikaanza upya bila kukisia chochote. Nilimweleza baba kwamba kinasikiliza setilaiti nne, kinapima umbali wa kila moja, na umbali wote unapokutana ndipo tulipo.

"Mbona ndivyo ninavyofanya siku hizi," akasema. "Mashine ya kusaga kule, kengele ya kanisa huku, ng'ombe wa jirani yetu Msukuma nyuma yangu. Najua nimesimama wapi."

Mama, tuliyekuja naye shambani, alikuwa amechoka kunitazama nikikiinamia.

"Hebu lete. Unakizibia mbingu kwa hilo jichwa lako."

Akasokota kanga ikawa kata kichwani, akakitua kifaa juu yake, akasimama wima pembeni mwa matuta kama aliyejitwisha ndoo ya maji. Haikupita robo saa, namba zikaja.

"Kimesemaje?" baba akauliza.

"Kimesema mama yupo kwenye pembe ya shamba lake."

Baba akacheka, huku akijifuta yale macho.

"Miaka yote nimelisema hilo mimi, hakuna aliyeandika. Haya, andika."

Nikaandika namba, na juu yake jina la mama.