Uzi Shingoni mwa Farasi

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mkono wake hauvumilii uzi. Hata mtu asiyemjua kwenye foleni ya benki, atamtoa uzi begani bila kumwomba ruhusa. Nimemwambia mara mia, "Wifi, vidole vyako vitakuponza." Siku vilipomponza, nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

Yalikuwa mashindano ya sataranji ya timu za mataifa, wachezaji wanne kila timu. Mwaka wa tatu huo tunakwenda, na hatujawahi kushinda mechi hata moja. Siku hiyo meza ya kwanza tulishinda, ya pili tukatoka sare, ya tatu nikapigwa mimi, tena vibaya, tusiongee sana. Ikabaki ya nne, ya wifi. Akishinda yeye, tumeshinda sote.

Basi si akauona uzi mwekundu shingoni mwa farasi wake pale ubaoni, umedondoka kutoka kwenye blauzi yake mwenyewe! Akautoa.

Mpinzani wake, bwana mmoja aliyevaa tai, akamwita mwamuzi.

"Mama, umemgusa farasi," mwamuzi akasema. "Lazima umchezeshe."

"Nilikuwa namtoa uzi tu, jamani!"

"Ungesema kwanza kwamba unamrekebisha. Sheria ni sheria."

Maji yakimwagika hayazoleki. Farasi yule ndiye aliyekuwa akiilinda ngome yake. Akiondoka tu, ngome inaliwa. Nilitamani kumzaba wifi kibao mbele ya mataifa yote.

Wifi akautazama ubao dakika kumi na saba, kidole shavuni, kama anavyofanya mteja akileta kitambaa kisichotosha. Kisha akamrusha farasi katikati ya maadui, akamtishia mfalme. Bwana wa tai hakupata nafasi ya kuila ngome. Ilibidi amkimbize mfalme kwanza, na palikuwa na mahali pamoja tu pa kukimbilia. Farasi akaruka tena, safari hii akawabana mfalme na malkia kwa mpigo mmoja. Bila ule uzi, nani angemfikiria? Mlinzi hatumwi vitani.

Malkia akaliwa. Bwana akalegeza tai, akasalimu amri.

Nilipiga ukelele, ukumbi mzima ukageuka, sikujali. Nilimkumbatia wifi mpaka kiti kikaanguka.

Kapteni wetu, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameshika karatasi ya matokeo, machozi yanamtiririka.

"Samahani," akamwuliza mwamuzi, "washindi wanasaini wapi?"

"Palepale unaposaini siku zote."

Akasaini taratibu, majina yake yote, mpaka la babu yake.